Chungu cha Mama Yake Theopista

Watu wa Kawajense wakimwona mdogo wangu Theopista anapita na begi lake la vitabu, husema yule msomi ana maringo, hasalimii mtu. Waache waseme. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja tangu ananyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko najua kwa nini siku hizi anatembea kichwa chini. Nitalisema hapahapa kwenye meza yangu ya dagaa, sokoni Kashaulili, hapa Mpanda mjini. Anayenunua anunue, asiyenunua akae asikilize, lakini asinishikeshike dagaa.

Theopista hakumjua mama yake. Mariana, mama mkubwa wangu mimi, alikufa mwaka 1971, siku ileile aliyomzaa, kule kijijini kwetu. Damu ilitoka ikakataa kukoma, na kupata gari la kumfikisha hospitali Mpanda enzi zile ilikuwa ndoto. Mama yangu akamchukua mtoto, akatuweka pamoja mimi na yeye, tukakulia kwa babu yetu Bartolomeo na bibi yetu Josephina.

Sasa niwaeleze mila yetu, na msije mkasema Restituta kawasingizia Wakonongo wote. Hii ni ya ukoo wetu peke yake. Kwetu mwanamke akifa kwa uzazi hazikwi na watu wengine. Hupelekwa Msitu wa Wazazi, kipande cha miti minene kando ya kijito, kisichozidi ukubwa wa uwanja wa mpira. Kile chungu kilichochemshiwa maji ya kumkanda hutobolewa kitako, kikapinduliwa juu ya kaburi, upande wa kichwa. Msalaba hakuna, jina hakuna. Ukienda kumwamkia unamwaga maji kwenye lile tundu, yanashuka mpaka kwake. Mwanamume haingii humo. Na mwanamke naye haingii mpaka awe amezaa. Binti aliyefiwa na mama yake namna hiyo, siku akizaa na kitovu cha mtoto kikadondoka, bibi humpeleka msituni na mtoto mgongoni, ammwagie mama yake maji, amwambie: mama, nimevuka.

Theopista aliisubiri siku hiyo tangu akiwa mdogo. Wenzake wakicheza harusi, yeye alikuwa anafunga gunzi la mahindi mgongoni na kuzunguka nyumba na kikopo cha maji. Mimi nilizaa mtoto wangu wa kwanza nikiwa msichana mbichi kabisa, bibi akaniingiza msituni nikawaamkie wakubwa. Nilipotoka nikamkuta Theo amekaa njiani ananisubiri.

"Dada Resti, umekiona?"

"Nimekiona."

"Kikoje?"

"Ni chungu kama vyungu, mdogo wangu. Kiko chini ya mkuyu mkubwa, wa kwanza ukitoka kijitoni."

Akarudia yale maneno polepole, mkuyu mkubwa, wa kwanza ukitoka kijitoni. Alikuwa anajifunza njia. Vyungu vyenyewe vilifanana, maana wanawake wa kwetu walifinyanga kwa mtindo mmoja, mama akimfundisha binti. Ulikijua chungu kwa mahali kilipokaa.

Kuna jambo la pili la ukoo wetu, na hili ndilo lililotumaliza. Mgeni akiuliza wazee wenu wanatambikia wapi, hatumkatalii. Ukimkatalia ataanza kutafuta mwenyewe. Anapewa mahali pengine, kwa heshima zote, arudi kwao ameridhika. Pa kwetu palikuwa Mwamba wa Kasonso, jiwe kubwa ng'ambo ya bonde, ambako sisi watoto tulichungia mbuzi na, samahani nyie mnaokula, tulijisaidia.

Mwaka 1974 alikuja Mzungu mmoja mtafiti, mrefu, mpole, na kamera shingoni. Babu alimpeleka Kasonso. Akavua viatu, akapiga makofi, akaongea na lile jiwe kwa Kikonongo huku Mzungu ameinamisha kichwa. Alichokuwa anauliza jiwe ni kama mbuzi wetu hawajambo. Kisha akamtungia hadithi ya mwindaji aliyegeuka jiwe kwa kumwua mnyama mwenye mimba. Mzungu aliandika mpaka jua likapinda. Akauliza kama kuna mahali pengine patakatifu bondeni. Babu akaweka mkono kifuani akaapa hakuna. Kwa miaka mingi, kila penye pombe babu aliombwa arudie kisa hicho, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Theopista alisoma. Alikuwa na kichwa, sikatai, na babu aliuza ng'ombe wake bila kunung'unika. Alifundisha shule ya msingi kwanza, halafu akapata nafasi chuo kikuu, Dar es Salaam. Tulimsindikiza stesheni ya Mpanda ukoo mzima, bibi akilia kana kwamba treni inampeleka kaburini. Alipofika mwaka wa pili akatakiwa achague jambo la kutafiti, akachagua utalii wa utamaduni na urithi wa upande wetu. Alipokuja likizo alitueleza: watu wanatoka mbali kuja Katavi kutazama viboko na nyati, hakuna anayeuliza habari za watu. Babu akamwambia, acha wasiulize, mjukuu wangu, wakiuliza tutachoka kutunga. Tukacheka tena.

Likizo hiyohiyo, mwaka 1996, mradi ukaingia kijijini.

Mkubwa wa mradi aliitwa Leonidas, kijana wa suruali yenye mstari wa pasi, mwenye kusikiliza mtu akiongea. Simtukani. Alisema wafadhili wanataka eneo moja la urithi bondeni kwetu. Litawekewa mipaka na bango, hakuna atakayelima humo wala kukata mti. Sehemu nyingine ya bonde serikali ya kijiji itaigawa mashamba, kwa sababu watu tumeongezeka, na ndugu zetu Wasukuma walikuwa wanaingia na ng'ombe wao, nao wana matumbo. Kisha akatandaza ramani. Mpaka wa urithi ulizunguka Mwamba wa Kasonso vizuri kabisa. Msitu wa Wazazi ulikuwa kwenye mashamba.

Mkutano ulipokwisha Theopista alimfuata yule bwana pembeni, nami nikaenda naye. Akamwambia ukweli, kwa sauti ndogo, kwamba mama yake yuko pale.

Leonidas akafikiri. "Dada, mimi nakuamini. Lakini wafadhili wanataka maandishi. Kasonso ina makala, tumeikuta kwenye orodha za maktaba. Huo msitu nani ameuandika?"

"Hakuna. Ni siri ya wanawake."

"Wewe mwenyewe umeuona ndani?"

"Sijazaa," Theopista akasema.

"Mimi nimezaa," nikadakia. "Nimeingia. Niulize mimi."

Akaniangalia kwa adabu na dagaa zangu kichwani. Akasema neno la ndugu wa mtu peke yake halitoshi. Amletee makala, kitabu, ripoti, chochote kilichochapwa. Yeye atasubiri mpaka kiangazi kijacho, ndipo ramani ipitishwe. Nakiri alisubiri kweli.

Basi Theopista akarudi Dar, akahamia maktaba ya chuo. Haya ya maktaba alinisimulia yeye, na aliyasimulia mara nyingi mpaka mimi muuza dagaa nikayaelewa. Kulikuwa na chumba chenye kompyuta, na mkutubi mmoja anaitwa Mzee Kasimu. Orodha ya makala za dunia nzima, wanaiita hifadhidata, ilikuwa imetiwa kwenye visahani vinavyong'aa. Unajiandikisha unasubiri zamu yako. Umeme wa mgao ukikatika, zamu imekwenda na maji. Zamu ikifika unaandika neno, Kiingereza maana kile kidude Kiswahili hakijui, nacho kinakwambia makala ngapi zina neno hilo.

Kwanza aliandika jina la Msitu wa Wazazi. Sifuri. Akaandika jina la kijiji. Sifuri. Mzee Kasimu akamwambia, "Mwanangu, umebana mno. Panua." Akaandika urithi na utalii, zikamwagika makala za watu: makanisa ya Ulaya, mahekalu ya Asia, majumba ya kale ya kule pwani. Mzee Kasimu akasema, "Sasa umefungua mno. Unganisha maneno, moja likamate jingine." Akaunganisha makaburi na wanawake na Tanzania. Akaunganisha uzazi na mazishi na misitu. Akajaribu jina la kabila kwa kila namna ambayo Wazungu wangeweza kulikosea. Sahani ikitoka nyingine inaingia. Alikwenda hivyo muhula mzima, wenzake wakimwita mke wa kompyuta.

Ilipofika karibu na Pasaka ikatokea makala moja tu ya bonde letu. Palikuwa na jina la mwandishi na muhtasari wa mistari michache, na mistari yenyewe ilikuwa inasema Kasonso. Akaagiza makala nzima kutoka ng'ambo akiomba Mungu kwamba ndani, hata kwenye tanbihi, yule Mzungu awe amedokeza msitu. Nakala ilipofika aliifungulia palepale kaunta. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha ya babu yetu, bado hajazeeka, peku, ananyoosha kidole kwenye jiwe la mavi ya mbuzi. Na chini, kwa Kiingereza kizuri, imeandikwa kwamba mtunza mila, Bwana Bartolomeo, ameapa hakuna mahali pengine patakatifu katika bonde hili.

"Dada Resti," aliniambia, "nilikaa chini sakafuni. Mzee Kasimu alidhani nimefiwa."

Alikuja nayo nyumbani kiangazi cha 1997. Angeweza kuichana. Mimi nilimwambia aichane, aitie jikoni, Leonidas ameona muhtasari tu. Akakataa. Alisema kama mwandishi alidanganywa, aliyemdanganya yupo hai na akili zake zote, atasimama aseme. Hiyo ndiyo elimu waliyompa. Alimsomea babu ile makala neno kwa neno, akimgeuzia kwa Kikonongo, na safari hii babu hakucheka hata kidogo. Alipofika kwenye kile kiapo, mzee akafunika uso kwa mikono.

Mkutano ukaitishwa ofisi ya kijiji. Babu akasimama na fimbo yake. Akasema mbele ya watu wote kwamba Kasonso si kitu, ni malisho, kwamba alimdanganya Mzungu kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na kwamba wazazi wetu wamelala kando ya kijito. Kwa mzee wa kwetu kutaja pale mahali hadharani ni kuvua nguo. Nilitazama chini nisimwone.

Leonidas alikuwa na nakala mkononi, ileile aliyopewa na Theopista. "Shikamoo mzee. Huyu kwenye picha ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hapa uliapa, mkono kifuani. Leo unasema kinyume, na mjukuu wako ndiye anayeutaka huo msitu. Wafadhili wakiniuliza nimwamini Bartolomeo yupi, nijibu nini?"

Watu wakaguna. Wengine walikuwa wameshaonyeshwa mashamba yao kwa macho, walitaka mkutano uishe. Bibi Josephina akainuka, mfupi kama kiazi, akasema: leteni mwanamke aliyezaa, wa kwenu, nitamwingiza leo hii aone kwa macho yake. Kwenye mradi hapakuwa na mwanamke. Leonidas akaahidi kumleta mmoja kutoka Sumbawanga. Namwamini alikusudia. Mwanamke hakuja, mvua zilikuwa zinakaribia, na kijiji kikapitisha ramani.

Tukitoka nje babu alimshika Theopista bega. "Wanasema majuto ni mjukuu," akamwambia. "Mimi wangu nimemwona." Hakuongea sana tena baada ya siku ile. Aliachishwa hata pombe na aibu, na Oktoba tukamzika.

Theopista alirudi Dar baada ya arobaini, akiwa ameolewa kwa haraka na mwalimu mwenzake na tumbo limeshaingia. Msinihesabie miezi, si kazi yenu. Aliniambia kwenye jukwaa la stesheni, "Dada, nikijifungua mapema, labda nitawahi." Alifikiri msitu hautakatwa mwaka ule. Mimi pia nilifikiri hivyo. Nani anakata mikuyu mikubwa kama ile kwa shoka, tukasema, atachoka.

Shamba la kando ya kijito lilimwangukia Makoye, Msukuma mmoja mpya, mwenye wanawe wakubwa wenye mikono ya chuma. Makoye hakuwepo kwenye mkutano ule. Alikuwa bado njiani na ng'ombe wake. Alioneshwa mpaka na viongozi, akaambiwa fyeka, na yeye ni mtu wa kazi, akafyeka. Sisi tulikuwa kwenye msiba, na baadaye bibi akaugua, nami nilikuwa huku mjini kwenye biashara yangu. Mvua ya mwaka ule mnaikumbuka, ilinyesha hadi barabara zikageuka mito. Hakuna aliyekwenda upande wa kijito.

Januari, mtu mzima mwenye koti la mvua alisimama mbele ya meza hii. Akavua kofia.

"Wewe ndiye mama Resti, mjukuu wa marehemu mzee Bartolomeo? Mimi naitwa Makoye. Nimeambiwa kijijini kwamba mahali nilipolima palikuwa na wenyewe. Sikujua, mama. Nimekuja mwenyewe kukuambia usihangaike. Nilikuta vyungu. Nilijua ni vya watu, hata kwetu kuna vitu haviguswi ovyo. Kabla plau haijapita niliwaambia wanangu wavitoe kwa mkono kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kilichovunjika."

Alisema kwa furaha kabisa. Alikuwa ametembea kwenye tope lile lote kuniletea habari njema. Nikajikuta namwambia asante baba, na kumpimia dagaa. Alipoondoka nilifunika dagaa nikafunga biashara siku hiyo.

Theopista alikuja kujifungulia kwetu Machi, hospitali ya Mpanda, mtoto wa kike, salama. Alimwita Mariana. Kitovu kilipodondoka hakuniuliza kitu, alifunga tu mtoto mgongoni akachukua kikopo cha maji. Bibi alikuwa hawezi tena kutembea mbali. Akaniambia, nenda naye wewe, umezaa, umeingia.

Tukaenda. Njia nzima nilimweleza aliyoniambia Makoye, lakini masikio yake hayakutaka. Tukatokea kijitoni, na mbele yetu kulikuwa na mahindi, mabichi, marefu, yamestawi sana. Mkuyu hakuna. Hata kisiki hakikuonekana, Makoye alikuwa amechoma akang'oa, mkulima hodari. Na kando ya shamba, juu ya tuta, vyungu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja ulionyooka, vimepinduliwa vilevile, pamefagiliwa vizuri. Mwenyewe alisimama mbali na wanawe, wameshika kofia mikononi.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Theopista kukanyaga pale, mwanamke mzima aliyesoma vitabu vya dunia. Alitazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Dada Resti. Kipi?"

Nilipita mbele ya vile vyungu, nikarudi. Niliinama nikavishika, nikatafuta ufa, mkwaruzo, alama yoyote. Vilikuwa vyungu. Nilikuwa nimekijua kwa mkuyu.

"Sijui, mdogo wangu," nikasema.

Hakulia. Alianzia cha kwanza. Alipiga magoti, akamwaga maji kidogo kwenye tundu, akasema, "Shikamoo mama, nimevuka." Akaenda cha pili, akasema vilevile. Maji yalipokwisha nilichota mengine kijitoni nikamletea, akaendelea mpaka cha mwisho, mtoto amelala mgongoni. Kila alipomwaga, maji yalipita kwenye tundu, yakaingia kwenye tuta la Makoye, kwenye udongo usio na mtu.